Apolo Kagwa: Aliyeandika koo za Buganda na kugawa ardhi ya mababu

Katika Buganda, mtu hajulikani kwa jina lake peke yake. Anaposimama mbele ya wazee wa ukoo, hutakiwa kumtaja baba yake, kisha babu yake, kisha nyumba anayotoka, na kupanda hivyo ngazi kwa ngazi mpaka kwa mkuu wa ukoo mzima. Desturi hiyo huitwa okulanya. Asiyeweza kuitimiza huonwa kama mgeni, hata akiwa amezaliwa katika kijiji hicho hicho.

Kwa karne nyingi majina hayo yalihifadhiwa kichwani na kupokezanwa kwa mdomo. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kuyaweka katika kitabu alikuwa Apolo Kagwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, tangu mwaka 1889 hadi 1926. Lakini Kagwa huyo huyo aliongoza ugawaji wa ardhi uliowaacha wakuu wengi wa koo bila ya viwanja walikozikwa wazee wao. Kwa hiyo yeyote anayetafuta nasaba yake katika vitabu vya Kagwa hana budi kujua pia maisha ya mwandishi.

Kijana wa ikulu

Kagwa alizaliwa katikati ya miaka ya 1860, katika ukoo wa Nsenene. Nsenene ni senene, mdudu anayeliwa kwa furaha na majirani wengi wa Ziwa Viktoria msimu wake unapofika. Kwa watu wa ukoo huo ni mwiko kumla, kwa kuwa ndiye alama yao. Kila ukoo wa Buganda una mwiko wa namna hiyo: Ffumbe ni fungo, Lugave ni kakakuona, Mamba ni kamongo, Ngeye ni mbega. Mtoto hufuata ukoo wa baba, na watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Akiwa kijana, Kagwa alipelekwa katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza kutumika pamoja na vijana wengine wa rika lake. Ikulu ile ilikuwa shule ya utawala. Ilikuwa pia mahali palipokutana dini na lugha za mbali. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika huko tangu zama za Kabaka Suna, baba yake Mutesa, wakaleta Uislamu na maandishi. Wamisionari Waprotestanti walifika mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Kabla ya Kiganda kupata vitabu vyake, vijana wengi wa ikulu walijifunza kusoma kwa msaada wa Kiarabu na Kiswahili. Waliitwa wasomaji, na jina hilo lilibeba maana ya imani mpya pamoja na elimu mpya.

Kagwa alijiunga na Waprotestanti. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na hodari wa mieleka. Mutesa alipofariki mwaka 1884 na mwanawe Mwanga kushika ufalme, wasomaji waliingia katika hatari. Mwezi Mei mwaka 1886 Mwanga aliwageukia vijana Wakristo wa ikulu yake. Wengi waliuawa, na baadhi yao wakachomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni. Kagwa alipigwa na Kabaka mwenyewe mpaka akajeruhiwa, lakini aliachwa hai na kuendelea na kazi. Baadaye alikabidhiwa hazina ya ikulu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita. Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa madarakani. Baada ya muda mfupi Wakristo nao walishindwa, wakakimbilia upande wa Ankole. Kiongozi wao, Mkatoliki Honorat Nyonyintono, aliuawa vitani mwaka 1889 walipokuwa wakipigana kurudi. Mwanga aliporejeshwa katika kiti chake mwaka huo, Kagwa aliteuliwa kuwa Katikkiro. Alikuwa na umri wa takriban miaka 25.

Ufalme katika mikono ya walezi

Cheo hicho hakikuleta utulivu. Mwezi Januari mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, na bunduki za Frederick Lugard, wakala wa kampuni ya Waingereza, ziliupa ushindi upande wa Kagwa. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza Uganda kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake. Mwaka 1897 Mwanga aliasi, akashindwa, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga wa mwaka mmoja, akatawazwa mahali pake. Watu watatu waliteuliwa kuwa walezi wa ufalme mpaka mtoto atakapokua. Hao walikuwa Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri.

Mwanga alipelekwa uhamishoni Seychelles na kufia huko mwaka 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yalirudishwa Buganda, yakazikwa Kasubi karibu na baba yake, Mutesa. Kagwa, ambaye Mwanga alikuwa amemjeruhi na ambaye baadaye alishiriki kumpinga, alikuwa bado Katikkiro. Katika Buganda, hata mfalme aliyeanguka hana budi kuzikwa kwao, kwa kuwa kaburi ndilo linaloonyesha mtu ni wa nani.

Kwa nini aliandika

Katika miaka hiyo ya walezi, Kagwa alianza kuandika. Kitabu chake juu ya wafalme wa Buganda kilitoka mwaka 1901. Baadaye alikipanua akaongeza wafalme wa Bunyoro, Koki, Toro na Ankole. Aliandika juu ya desturi za Waganda, akakusanya hadithi zao, akaandika historia ya ukoo wake wa Nsenene, na mwaka 1912 akatoa kitabu cha koo za Buganda. Vitabu hivyo aliviandika kwa Kiganda, kwa ajili ya Waganda wenyewe.

Kulikuwa na haja ya kufanya haraka. Vita vya dini vilikuwa vimewaua wazee wengi na kuwatawanya wengine. Mara tu baada ya mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliua watu kwa maelfu katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria. Serikali iliwahamisha waliosalia, wakaviacha visiwa vya Ssese na makaburi ya wazee wao. Mzee aliyekuwa akijua majina ya vizazi kumi vya nyuma alipokufa bila kuyasema, hakuna aliyeweza kuyarudisha.

Kagwa alikuwa na uwezo ambao mtafiti wa kawaida hana. Kama Katikkiro, aliweza kuwaita wazee kutoka kila upande wa nchi waje Mengo waeleze wanachokijua. Walinzi wa makaburi ya wafalme, ambao kazi yao ilikuwa kutunza kumbukumbu za kila Kabaka katika nyumba yake ya kaburi, walikuwa chini ya utawala wake. Mashauri ya urithi na ukoo yalifika mbele yake, hivyo alisikia nasaba zikitajwa, zikipingwa na kutetewa. Alimsaidia pia mmisionari John Roscoe kuwahoji wazee, na kitabu cha Roscoe juu ya Waganda, kilichotoka mwaka 1911, kinategemea sana wazee waliopatikana kwa msaada wa Kagwa.

Mpangilio wa koo alioukuta wazee wakiueleza ulikuwa kama nyumba na kiwanja chake. Mkuu wa ukoo huitwa wa akasolya, yaani kilele cha paa. Chini yake yapo masiga, mafiga ya jikoni yanayobeba chungu. Kila siga lina mituba, na mtuba ni mti ambao gome lake hutengenezewa nguo za asili. Chini ya mituba huja mistari ya ukoo, kisha nyua, na mwisho nyumba ya mtu mmoja. Anayejua siga lake na mtuba wake anaweza kutafutiwa ndugu hata kama wazazi wake walihamia mbali.

Kagwa aliandika pia kazi za kila ukoo katika ufalme. Mkuu wa ukoo wa Mamba, mwenye cheo cha Gabunga, alisimamia mitumbwi ya Kabaka. Watu wa Ngeye ndio wenye kazi ya kuezeka nyumba za kifalme. Katika kitabu cha wafalme alitaja wake za kila Kabaka, ukoo wa kila mmoja wao, na watoto waliowazaa. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu Kabaka hufuata upande wa mama yake. Ukoo wowote uliomwozesha binti kwa mfalme uliweza kutumaini kwamba siku moja mjukuu wake angekaa kitini. Kwa njia hiyo majina ya wanawake wengi, ambayo nasaba za upande wa baba pekee zingeyaacha, yalipata kuhifadhiwa.

Mkataba wa mwaka 1900

Tarehe 10 Machi mwaka 1900 walezi wa ufalme na machifu walitia saini mkataba na mjumbe wa Uingereza, Sir Harry Johnston. Mkataba huo ulibadilisha maana ya ardhi. Eneo la Buganda lilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Sehemu kubwa iliwekwa chini ya serikali ya Uingereza, Kabaka alitengewa maili 350, na maili 8,000 zilitengwa kwa ajili ya machifu na wenye mashamba waliokadiriwa kufika 1,000. Kutokana na kipimo hicho cha maili, ardhi hiyo mpaka leo huitwa mailo.

Kazi ya kuamua nani apate kipande gani iliachiwa Lukiiko, baraza la Buganda, na Kagwa ndiye aliyekuwa sauti kubwa katika baraza hilo. Ugawaji uliendelea kwa miaka, na idadi ya waliopata ardhi ikavuka 3,000. Machifu walichagua mashamba mazuri, na mengi kati ya hayo yalikuwa tayari na wenyewe kwa mujibu wa mila.

Wenyewe hao walikuwa bataka, wakuu wa koo na matawi yake. Kila ukoo ulikuwa na viwanja vyake viitwavyo butaka, mahali walipozikwa waanzilishi na wakuu waliofuata. Mkuu wa ukoo alikuwa mlinzi wa makaburi hayo. Kabaka mwenyewe huitwa Ssaabataka, mkuu wa bataka wote. Hata hivyo, mkataba haukuwatambua bataka kama kundi lenye haki yake. Chifu aliyepewa hati ya shamba akawa mmiliki. Mkuu wa ukoo ambaye babu zake walizikwa katika shamba lile akawa mpangaji, au akalazimika kuondoka.

Hapo ndipo kitabu cha mwaka 1912 kinapata uzito wa pekee. Kilipotoka, hati za mailo zilikuwa zikiandaliwa na mipaka ikipimwa. Kitabu kilieleza ukoo gani ulikuwa na butaka wapi, na nani alimrithi nani. Mambo ambayo zamani yalikuwa kumbukumbu ya heshima sasa yaliweza kuwa ushahidi katika madai ya ardhi. Tawi lililoandikwa kuwa kubwa lilikuwa na hoja, na lililoandikwa kuwa dogo lilikuwa na malalamiko. Magazeti ya Kiganda ya wakati huo, Ebifa mu Buganda la Waprotestanti na Munno la Wakatoliki, yakawa uwanja ambamo Waganda waliandika na kubishana juu ya historia yao.

Bataka wanadai

Sifa za Kagwa nje ya nchi ziliendelea kukua. Mwaka 1902 alisafiri mpaka Uingereza kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akifuatana na Ham Mukasa, ambaye baadaye aliiandikia safari hiyo kitabu. Mwaka 1905 alipewa na Mfalme wa Uingereza heshima ya kuitwa Sir. Daudi Chwa alipotimiza miaka 18 mwaka 1914, kazi ya walezi ilikwisha, lakini Kagwa alibaki Katikkiro.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 bataka walijikusanya katika chama. Mmoja wa viongozi wao alikuwa James Miti, ambaye naye alikuwa mwandishi wa historia. Walidai kwamba ugawaji wa mwaka 1900 ulifanywa na wachache kwa faida yao, na kwamba makaburi ya wazee wao yamo mikononi mwa watu wasio wa ukoo. Kabaka Daudi Chwa aliwaunga mkono. Kagwa na machifu wenzake walisimama upande wa pili, wakitetea hati zilizokwisha kutolewa.

Mwaka 1924 iliundwa tume ya uchunguzi. Wazee walitoa ushahidi wa mababu zao, machifu wakaeleza jinsi ugawaji ulivyofanyika, na nasaba za koo zikasomwa kama hoja za mahakamani. Mwishowe serikali ya Uingereza ilikataa kuufungua upya ugawaji wa mwaka 1900. Mashamba yalibaki kwa wenye hati. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa miaka hiyo iliweka mipaka ya kodi na ushuru ambao wenye mashamba waliweza kuwatoza wapangaji, na ikawalinda wakulima wasifukuzwe ovyo. Lakini haikuwarudishia bataka butaka zao.

Wakati huo huo Kagwa alikuwa akipoteza nafasi yake. Maofisa vijana wa Kiingereza hawakuwa tayari kumwachia madaraka aliyozoea. Ugomvi wake na ofisa mmoja wa mkoa, J.R.P. Postlethwaite, ulizuka juu ya vibali vya pombe, ukaishia katika swali la nani hasa anayetawala Buganda. Mwaka 1926 Kagwa alijiuzulu. Alifariki Nairobi mwezi Februari mwaka 1927, miezi michache tu baada ya kuacha cheo alichokishika karibu maisha yake yote ya utu uzima.

Madai ya bataka hayakufa pamoja naye. Mwezi Aprili mwaka 1949 fujo kubwa zilitokea Buganda, na chama kilichobeba jina la Bataka kilikuwa katikati yake. Mashamba, bei ya pamba na ukali wa machifu vilikuwa miongoni mwa malalamiko, na nyumba za machifu kadhaa zilichomwa. Katikkiro wa wakati huo alikuwa Michael Kawalya Kagwa, mtoto wa Apolo.

Kumsoma Kagwa leo

Vitabu vya Kagwa vimeendelea kutumika. Historia ya wafalme ilitafsiriwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Semakula Kiwanuka mwaka 1971, na karatasi za Kagwa zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wanahistoria waliomfuata wamemshukuru na pia wamemhoji. Wameuliza kama orodha ndefu ya wafalme wa kale inaweza kuchukuliwa jinsi ilivyo, na kama koo zilizokuwa karibu na mwandishi zilisikilizwa kuliko nyingine. Maswali hayo hayaifuti kazi yake. Yanamkumbusha msomaji kwamba aliyekusanya ushahidi alikuwa pia mwenye shauri.

Kwa mtu anayetafuta wazee wake, funzo la maisha haya ni la matumizi. Jina lililoandikwa kitabuni linahitaji shahidi mwingine. Huko Buganda mashahidi hao wapo. Rejista za ubatizo na ndoa za makanisa, kama yale ya Namirembe na Rubaga, hutaja watu ambao hawakuwahi kuwa machifu. Kumbukumbu za hati za mailo huonyesha shamba limepita mikono ya nani. Magazeti ya zamani yamehifadhi sauti za waliobishana na Katikkiro. Na wazee wa koo bado wapo, wakimthibitisha mrithi katika sherehe ya mwisho ya msiba, okwabya olumbe, ambapo mtu mpya husimama mahali pa marehemu na ukoo ukashuhudia.

Ushahidi wa aina moja pekee huwa hatarini siku zote. Mwezi Machi mwaka 2010 moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, walikolazwa Mutesa, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Vitu vingi vilivyokuwa ndani vilipotea usiku mmoja. Ujenzi mpya ulipoanza, waezekaji wa ukoo wa Ngeye waliitwa tena kwenye paa, kwa kazi ile ile ambayo wazee walimweleza Kagwa kuwa ni yao.

Butaka nyingi zilizogombaniwa mwaka 1924 zimebaki katika hati za watu wengine. Hata hivyo, mjukuu wa mtaka aliyeshindwa katika shauri lile anaweza kukifungua kitabu cha mwaka 1912 na kuona palipoandikwa jina la babu yake, la siga lake, na la kilima alipozikwa. Yaliandikwa na mtu aliyempinga babu huyo katika jambo la ardhi, na bado ni miongoni mwa ushahidi wa maandishi alio nao wa kuwaonyesha watoto wake walikotoka.